Kuipamba Herufi ya Jina Lako

Leo tutachora herufi na kuzijaza mapambo. Kila mtu ashike karatasi, penseli na rula.

Chagua herufi ya kwanza ya jina lako. Asha atachora A. Musa atachora M. Ichore kubwa, ienee karatasi. Kila mstari wa herufi uufanye mistari 2, iliyoachana kwa upana wa vidole 2.

Sasa itazame kanga. Pembeni ina pindo. Katikati ina mji. Herufi yako ni hivyo hivyo: mstari wa nje ni pindo, nafasi ya ndani ni mji. Ugawe mji vipande 3. Cha kwanza kitie nukta, cha pili miraba, cha tatu misuko kama ya ukili.

Pambo lisivuke pindo, lisije likaimeza herufi. Ibandike karatasi ukutani, urudi nyuma hatua 5. Je, inasomeka? Kama haisomeki, kaza mstari wa nje.

Watoto shuleni huchora hivi. Sisi watu wazima tuna haja kubwa zaidi: mkono uliolizoea umbo la herufi ndio utakaoandika jina pale tulipozoea kutia dole gumba.

Somo lijalo, herufi ya pili. Kwaherini.