Uganda na Kongo: Sindano Moja Haitoshi



Katika nchi jirani za Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto anayeshikwa na degedege la malaria anayo leo nafasi ya kupona ambayo wazazi wake hawakuwa nayo walipokuwa wadogo. Nafasi hiyo imeletwa na sindano ya atesuneti. Hata hivyo, yaliyoonekana katika nchi hizo mbili yanathibitisha kwamba sindano hiyo ni mwanzo wa tiba, wala siyo tiba nzima.

Kwa miaka mingi silaha ya hospitali dhidi ya malaria kali ilikuwa kwinini. Dawa hiyo iliwaokoa wengi, lakini matumizi yake yalikuwa na taabu. Ilipitishwa katika dripu kwa saa kadhaa, mara 3 kwa siku, na iliweza kuiteremsha sukari katika damu ya mgonjwa, jambo ambalo peke yake laweza kuua. Katika wodi iliyojaa yenye muuguzi mmoja, uangalizi wa namna hiyo ulikuwa adimu.

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Uganda, Kongo, Rwanda, Msumbiji, Kenya na Tanzania. Watoto 5,425 walitibiwa, baadhi kwa kwinini na wengine kwa atesuneti. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Kwa waliopewa atesuneti walikufa 85. Kutokana na tofauti hiyo, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali, kama lilivyokuwa limekwisha pendekeza kwa watu wazima mwaka 2006.

Sindano hiyo ina masharti yake. Mgonjwa hupimwa uzito kwanza. Mwenye uzito usiofika kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Mwenye uzito zaidi, miligramu 2.4. Unga wa dawa huyeyushwa papo hapo kwa maji yake maalumu, nayo hutumiwa katika muda wa saa moja, ikibaki, humwagwa. Sindano ya pili hutolewa baada ya saa 12, na ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Kisha hutolewa moja kila siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Hapo ndipo anapopewa dawa mseto ya siku 3, kipimo kamili.

Ni katika hatua hiyo ya mwisho ambapo safari huvunjika. Tangu mwaka 2018 Kongo, Uganda na Nigeria zilifanya majaribio ya kuwapa watoto wa vijijini atesuneti ya kupachikwa katika njia ya haja kubwa, ili wapate nguvu ya kufika hospitali. Wachunguzi walitarajia vifo vipungue. Havikuonekana kupungua. Wako watoto ambao hawakufikishwa hospitali, kwa kuwa homa ilishuka na wazazi wakadhani ugonjwa umekwisha. Wako waliofika wakachomwa sindano, kisha wakarudishwa nyumbani bila dawa mseto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zisimamishe kuieneza dawa hiyo ya kupachika, na mwaka 2023 likatoa mwongozo wa kuitumia pale tu ambapo matibabu yanayofuata yana uhakika.

Dawa yenyewe haikuwa na kosa. Atesuneti huua vijidudu kwa haraka sana, lakini nayo hutoka mwilini kwa haraka. Vichache vinavyosalia huzaliana tena, na ugonjwa hurudi. Kuna hatari ya pili: katika Uganda, Rwanda na Tanzania kumekwisha thibitishwa vijidudu vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hiyo. Tiba iliyokatizwa njiani huviachia nafasi ya kuenea.

Tena, kati ya wiki 1 na wiki 4 baada ya sindano, baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu ghafula. Mtoto aliyekwisha kupona akianza kupauka, kuchoka, au kukojoa mkojo mweusi, arudishwe hospitali mara moja akapimwe damu.

Funzo la Uganda na Kongo ni lenye manufaa kwa majirani wote. Kununua dawa ni wajibu wa serikali, na kuichanganya barabara ni wajibu wa muuguzi. Lakini mzazi naye anayo haki ya kuuliza, kabla hajambeba mwanawe kurudi nyumbani: sindano zote zimetimia, na dawa mseto ya siku 3 iko wapi?