Moshi Mmoja, Mapafu Tofauti

Hotuba ya mabaraza ya afya, Kaunti ya Nyeri



Kina mama wengi wa Tetu, Othaya na Mathira wamepikia kuni kwa miaka mingi katika jikoni lisilo na bomba la moshi. Wawili wanaweza kupika jikoni mamoja na wote wakapata ugonjwa sugu wa mapafu. Mmoja akabaki na kikohozi na kuhema akipanda mlima. Mwenzake miguu ikavimba na midomo ikageuka rangi. Majirani husema ni uzee au bahati mbaya. Sehemu ya jibu iko katika damu ya ukoo.

Sehemu ya pafu ikikosa hewa, mishipa yake midogo ya damu hujibana ili damu ielekee penye hewa. Kwa muda mfupi hilo lina faida. Pafu likiharibika kote, mishipa hubaki imebanwa na kuta zake huwa nene. Upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi. Mwishowe moyo huchoka, na maji hujaa miguuni.

Si kila mtu mishipa yake hujibana sawa. Wafugaji wataelewa upesi. Katika milima ya Colorado, Marekani, ng'ombe wa kundi moja hula malisho yale yale mahali penye oksijeni haba, lakini baadhi tu huvimba kidari na kufa kwa moyo. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu mwaka 1915. Ikaonekana kwamba udhaifu huo hurithiwa, na leo wafugaji wa huko hupima shinikizo la damu katika mapafu ya fahali kabla ya kumpandisha.

Kwa binadamu, watafiti wa Ulaya walichapisha mwaka 2003 matokeo kuhusu wagonjwa wa mapafu waliopungukiwa na oksijeni. Waliorithi kwa baba na kwa mama aina fulani ya jeni inayohusika na kemikali iitwayo serotonini walikuwa na shinikizo kubwa zaidi katika mishipa ya mapafu.

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Kieni ziko juu zaidi. Mwenye afya haoni shida. Kwa pafu bovu, oksijeni kidogo inayopungua ina uzito.

Hakuna haja ya kukimbilia kipimo cha jeni. Jeni ulizozaliwa nazo huzibadilishi, lakini moshi unaweza kuupunguza. Wekeni bomba au dirisha jikoni, kausheni kuni vizuri, na anayevuta sigara aache.

Mgonjwa wa kifua akiona miguu inavimba, akizimia, au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, asiseme ni pumu ile ile. Aende hospitali, apimwe oksijeni kidoleni na aulizie picha ya moyo. Amweleze daktari kama kuna ndugu aliyekuwa na dalili hizo. Neno hilo moja laweza kumfanya daktari auchunguze moyo mapema.