Vitamini Zikizidi, Je, Hudhuru?

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari ya vitamini.

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Nachingwea alinijia akiwa na mashaka. Dada yake alikuja kumtembelea, akampeleka mtoto wake kliniki, akapewa matone ya vitamini A. Aliporudi kwake Ruangwa, siku chache baadaye, alimpeleka tena ili apewe mara ya pili, naye hakuonyesha kadi. Usiku ule mtoto alitapika, akalia hata alfajiri. Alipona, lakini mama alipatwa na hofu kubwa. "Mwalimu," akaniuliza kijana, "kitu chema kikizidishwa, wema hauzidi?"

Sikilizeni basi. Vitamini si za namna moja. Ziko ziyeyukazo katika maji, kama vitamini C. Sehemu kubwa ya iliyozidi hutoka katika mkojo. Lakini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na mwili huweza kuziweka akiba. Ghala ya vitamini A ni ini. Ghala ikifurika, kichwa huuma, mtu hutapika, ngozi hukauka. Na hali hiyo ikidumu, ini na mifupa huharibika. Mwanamke mjamzito akizidisha vitamini A, mtoto aweza kupata kilema tumboni. Vitamini D nayo ikizidi mno huongeza kalsiamu katika damu, na mafigo huumia.

Huenda jambo hili ni la kale sana. Mwaka 1973, huko Koobi Fora, Kenya, Bwana Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa ile ilikuwa na dalili za ugonjwa. Mwaka 1982 wataalamu waliandika kwamba labda alikula maini mengi ya wanyama walao nyama, akadhurika kwa vitamini A. Wataalamu wengine walitaja sababu nyingine.

Je, tuyakatae matone ya kliniki? La, hasha! Upungufu wa vitamini A hupofusha watoto, hata kuwaua. Kiasi chake kimekwisha kupimwa: mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa vipimo 100,000, wa miezi 12 hadi 59 hupewa vipimo 200,000, mara moja kila miezi sita. Kadi ndiyo shahidi, msiifiche.

Na maembe, mapapai, mchicha na kisamvu? Kuleni bila hofu. Rangi iliyomo ndani yake mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja yake tu.

Nilimjibu kijana yule hivi: mvua huotesha mihogo, lakini ikizidi huiozesha ardhini. Kabla ya kununua vidonge dukani, mwulizeni mganga wa zahanati. Kwaherini.