Mashine ya Soda Katika Banda la Gari
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu anayeishi Kansas City, Marekani, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ninayoifanya tangu nistaafu. Najua wengine mlitarajia habari za biashara. Mimi natengeneza mashine kuukuu ya kuuzia soda.

Ni Vendo 81, iliyoundwa miaka ya 1950 na kampuni ya Vendo ya mji huo huo ninaokaa. Huchukua chupa 81. Unatia sarafu, unafungua mlango mwembamba, unaivuta chupa kwa mkono wako. Zamani soda ilikuwa senti 5, na mashine nyingi hazikujua sarafu nyingine. Kupanda hadi senti 10 kungekuwa bei maradufu, kwa hiyo mwaka 1953 Coca-Cola waliiomba serikali ya Marekani itoe sarafu ya senti saba na nusu. Wakakataliwa. Fikirini, taifa zima libadili fedha kwa ajili ya tundu la mashine!

Niliinunua imeliwa na kutu. Nilipiga msasa miezi minne, pua na mdomo nimevifunika, kwa sababu rangi za miaka ile mara nyingi zina madini ya risasi. Nikapaka rangi nyekundu, nikabadilisha mpira wa mlango, nikachomeka. Soda ikapoa. Mke wangu akasema afadhali, sasa nitarudi kula mezani.

Lakini waya wa umeme niliuacha ule ule wa zamani, wenye plagi ya pini mbili. Nilijiambia, kama unafanya kazi, ya nini kuusumbua? Jumamosi moja nilikuwa nimetoka kuosha sakafu, nikashika mlango wa mashine nikiwa pekupeku. Umeme ukanitupa chini. Bado natetemeka, nikamsikia mjukuu wangu wa miaka sita anakuja mbio kutoka kuchezea maji, sarafu mkononi. Nilipiga ukelele ambao sijapata kuupiga maishani. Akasimama, akaanza kulia, akidhani nimemkasirikia.

Wazee wenzangu mtamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, aliyetuandikisha mara hamsini kwamba chombo chenye mwili wa chuma sharti kiwe na waya wa ethi, wa kuupeleka umeme ardhini. Niliandika zote hamsini.

Nilipoifungua nikakuta waya umechubuka na kugusa bati. Nikaweka mpya wa pini tatu, ule wa ethi nikaukaza kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi, maana rangi huzuia umeme. Nikaongeza swichi inayokata umeme ukivuja. Gesi sikuigusa. Ni R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Marekani iliacha kuitengeneza kwa matumizi ya kawaida mwisho wa 1995, na sheria inakataza kuiachia hewani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye cheti.

Mjukuu hakuisogelea kwa wiki tatu. Siku moja akaniuliza, "Babu, umepima?" Nikapima mbele yake, ndipo akatia sarafu yake.

Nimeileta mita ile ile niliyopimia, nimemkabidhi mwalimu wa maabara. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa huko na vijana watakaotaka kujifunza kuitumia. Tafadhali mje na viatu.