KANUNI ZA MJI NA WENYE KUZIANDIKA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Lamu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya usalama wa watu na kanuni za mji wetu. Jambo hili si geni kwa yeyote aliyeko hapa, kwani wengi wetu ndio tuandikao matangazo, ndio tuyapigao muhuri, na ndio tuyabandikao ubaoni. Lakini kuandika kanuni ni kazi moja, na kuishika ni kazi nyingine; nasi twataka kusema zaidi juu ya hiyo ya pili.

Kila yatokeapo mabaya, watu husema, "Ajali haina kinga." Neno hili ni la faraja, wala hatulikatai mbele ya wafiwa. Lakini likisemwa kabla ya ajali kutokea, huwa ni udhuru tu. Zikumbukeni habari za tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, yapata saa kumi za usiku kwa saa zetu, na mawimbi yakasafiri muda wa saa nyingi kabla ya kufika pwani hizi. Somalia ilipigwa vibaya, wakafa watu wapatao mia tatu. Kwetu Kenya habari ilitangulia maji. Wakubwa wakatoa amri watu waondoke ufukoni, na wengi wakatii. Aliyekufa katika nchi yetu alikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyeweza kuyazuia mawimbi, lakini amri iliyotolewa kwa wakati na kutiiwa iliokoa roho za watu.

Sasa tuutazame mji wetu. Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, nasi twajivunia. Lakini vichochoro vyake vilifanywa kwa miguu ya watu na ya punda, wala gari la zimamoto haliwezi kupita humo. Nyumba za mawe zimebanana, na nyingi zina paa au kipaa cha makuti. Cheche moja ikiruka siku ya Kusi, moto huwa juu ya jirani kabla mwenye nyumba hajamaliza kupiga kelele. Kwa hiyo kanuni ya kutoweka mawe, mchanga wala mbao njiani si ukorofi wa ofisi. Kichochoro kile ndicho njia ya ndoo za maji, na ndicho njia ya kumtoa mgonjwa kitandani. Mwenye kuweka shehena yake pale amemfungia jirani mlango.

Tena kuna vyombo vya baharini. Sote twavuka, maana Mokowe iko bara na sisi tu kisiwani. Hapa twataka kuungama jambo letu wenyewe, kwa sababu mwenye kuwafundisha wengine na aanze na nafsi yake.

Mwaka mmoja, mwezi wa Mfungo Sita, wageni walipokuwa wakimiminika kwa Maulidi, tuliandika tangazo juu ya hesabu ya abiria katika kila chombo, tukalibandika gatini. Siku ya nne baadaye, sisi watu wanne tulifika Mokowe jua likitua. Nahodha akasema, "Chombo kimetimia, ngojeni kingine." Tukamjibu kwamba sisi ni watu wa ofisi na tuna haraka. Yule maskini akaona haya, akatupisha. Majaketi ya kuokolea maisha hayakutosha. Nasi tulioingia mwisho tulipewa kwa heshima, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga akakaa bila.

Tulipofika katikati upepo ukavuma, maji yakaanza kuingia ubavuni. Tukafua maji kwa upo, na upo ulipokuwa hautoshi, kwa viatu vyetu. Tukavua majaketi yale tukampa mama yule na wazee, kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka. Bibi mmoja mzee akatutazama, akasema kwa upole, "Wanangu, karatasi ile ya gatini, si nyinyi mlioiandika?" Hatukuwa na jibu. Mungu alitufikisha salama sote. Lakini swali lile halijatutoka masikioni.

Wenzetu wa Unguja hawakupata bahati hiyo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, na zaidi ya watu mia mbili wakafa. Twafikiri wengi kati yao walisikia maneno yale yale: pandeni tu, ni safari moja.

Kwa hiyo twawaletea mambo matatu. Kwanza, kila tangazo liandikwe pamoja na sababu yake, kwa Kiswahili ambacho mchukuzi na mvuvi watakielewa. Mtu ajuaye sababu hahitaji askari. Pili, lisomwe kwa sauti gatini na sokoni, kwani si kila mtu asomaye ubao. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwanachama wa chama hiki asiombe kamwe kupishwa katika kanuni aliyoiandika. Nahodha akisema chombo kimetimia, karani awe wa kwanza kurudi nyuma, tena mbele ya macho ya watu.

Mji mdogo una faida moja: kila mtu amjua mwenzake. Tukivunja kanuni asubuhi, habari zimefika mji mzima kabla ya adhuhuri. Na tukiishika, habari hizo hufika vilevile.