Je, Binti Mwenyewe Ameulizwa?

Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Songea



Leo tunapenda kuzungumzia uchumba na ndoa kupitia tamthiliya ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi huikumbuka kwa Shylock na ratili yake ya nyama. Sisi tunamtazama Portia.

Portia ni binti tajiri, lakini hana sauti juu ya ndoa yake. Marehemu baba yake aliacha wosia: wachumba wachague kati ya visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Atakayepata chenye picha ya Portia ndiye mume. Binti haruhusiwi kuchagua wala kukataa. Kwa bahati, Bassanio ambaye Portia anampenda anachagua cha risasi, ndicho chenye picha. Je, kama angepatia mwingine?

Baadaye Antonio, rafiki wa Bassanio, anakaribia kuuawa kwa sababu ya deni. Wanaume wameshindwa kumwokoa. Portia anavaa nguo za kiume, anajifanya mwanasheria na kumwokoa: mkataba unataja nyama, hautaji damu. Yule ambaye hakuulizwa kuhusu ndoa yake ndiye mwenye akili ya kuokoa maisha ya mtu. Lakini ili asikilizwe, ilibidi aonekane mwanamume.

Ndugu zetu, hapa kwetu hatuna visanduku, ila tuna vikao vya mahari. Mara nyingine wazee hupatana kwanza, binti akaitwa mwishoni kuitikia mbele ya watu. Ataanzaje kusema hapana? Kanisa linafundisha kuwa ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inadai hiari, ingawa iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema jambo hilo linakiuka Katiba.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya tangazo la ndoa kusomwa, mama mmoja wa kamati azungumze na binti faraghani. Akisita, tangazo lisubiri, hata kama mahari imekwisha kupokelewa. Pili, akina mama katika kamati wasiwe wa kupika siku ya ugeni tu. Washike pia kalamu na daftari la fedha.

Wafadhili wetu, elimu mnayomsaidia msichana kuipata itazaa nini, kama nyumbani na parokiani hakuna wa kumsikiliza?