Sufuria na Mwiko Vyatosha: Vitu vya Nyumbani kwa Mchezo wa Mtoto

(Mazungumzo ya muuguzi na wazazi siku ya kliniki ya watoto)

Tunapongoja watoto wapimwe uzani, tuzungumze kuhusu mchezo.

Si lazima ununue kitu dukani ili mtoto acheze. Akigonga sufuria kwa mwiko, anajifunza kwamba mkono wake ndio ulioleta ile sauti. Ukificha kikombe cha plastiki chini ya leso naye akaifunua, anajifunza kwamba kilichofichwa hakijapotea. Kaa naye, mtajie majina ya vitu, mcheke pamoja.

Lakini mtoto mchanga huchunguza kila kitu kwa mdomo. Kabla ya kumpa chochote, jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, chaweza kumkaba? Chukua lile gamba la katikati linalobaki tishu ya choo ikiisha. Kitu kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Vifuniko vya soda, vifungo, sarafu, maharagwe na karanga, weka mbali. Wengi wetu hutia maharagwe kwenye chupa iwe kayamba, lakini kifuniko kikilegea, yanaishia mdomoni. Afadhali agonge kikombe kwa kijiko kikubwa.

Pili, kilikuwa na nini? Chupa au mkebe uliowekwa mafuta ya taa, dawa ya kufulia au dawa ya mifugo haufai, hata ukioshwa.

Tatu, chaweza kumkata au kumziba pumzi? Angalia makali ya mikebe, kamba ndefu na mifuko ya plastiki. Na akichezea maji kwenye beseni, usimwache hata kidogo; maji ya sentimita 5 yanatosha kumzamisha. Mkimaliza, yamwage.

Waelezeni pia ndugu zake wakubwa, maana mara nyingi wao ndio wanaompa vitu.

Mtoto wa chini ya mwaka 1 akikabwa, asiweze kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua mara 5, kisha urudie, huku mwingine akiita msaada. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Ukishuku amemeza betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au rimoti, mpeleke hospitali mara moja hata kama anacheka. Ikikwama kooni, yaweza kumchoma vibaya ndani ya saa 2. Usimtapishe.

Mhudumu wa afya ya jamii akiwatembelea nyumbani, mwonyesheni vitu anavyochezea mtoto, mvikague pamoja.